Bi Mishi wa Pijo

Watu wa Shella, mjini Malindi, walijua mambo mawili juu ya Bi Mishi binti Badi. La kwanza ni kwamba alikuwa na umri wa miaka arubaini na mbili na hajapata kuendesha gari hata hatua moja. La pili ni kwamba mtu akinunua gari bila ya kulipitisha kwanza mbele ya dirisha la Bi Mishi, basi lolote litakalomfika amejitakia mwenyewe.

Magari alikuwa akiyajua kwa masikio. Asubuhi akikuna nazi uani, gari likipita njia ya nyuma, husema bila ya kuinua uso kwenye mbuzi: "Huyo Mwambire na lori lake la mchanga. Ukanda wa feni umelegea. Mwambieni kabla haujamkatikia njiani." Siku ya pili utasikia Mwambire amekwama Gede na lori lake, ameketi juu ya mchanga akingoja msaada.

Elimu hiyo aliirithi kwa babake. Mzee Badi alikuwa dereva wa lori la korosho tangu zama za ukoloni, kisha akajinunulia Pijo 404 ya mwaka wa sitini na saba, rangi ya kijivu, akaifanya teksi. Hakuruzukiwa mtoto mwanamume. Aliyempa spana alipokuwa chini ya gari ni Mishi, na Mishi alizijua namba za spana kabla hajazijua herufi za chuo cha Kurani. Alipovunja ungo akawekwa ndani, babake hakuacha kumsomesha. Jioni hukaa kizingitini na kikombe cha kahawa, akamsimulia: leo gari limefanya mlio huu, nikafungua hapa, nikakuta hiki. Naye binti huuliza maswali ambayo mafundi wazima hawakuyauliza.

Mzee Badi alifariki mwaka wa sabini na tisa. Kabla ya kukata roho aliwaita mashahidi akasema Pijo ni ya Mishi. Ikawekwa uani chini ya banda la makuti, juu ya mawe manne, na kila Ijumaa Bi Mishi aliifuta kwa maji ya kisima ili chumvi ya bahari isile bati lake. Mumewe, Abdalla, muuza vitambaa sokoni, alimwacha afanye apendavyo. Alikuwa mtu mwema ila alipenda vipya: redio mpya, saa mpya, viatu vinavyolia sakafuni. Leseni alikuwa nayo tangu ujana, lakini akishika usukani huendesha kama aliyebeba kapu la mayai kichwani.

Wanaume waliokaa kwenye baraza ya Abdalla walizoea kumwuliza Bi Mishi shauri, naye huwajibu akiwa nyuma ya pazia la mlango.

"Landrova si gari, ni punda aliyevishwa bati," alisema. "Harusini huendi naye, utashuka vumbi limekujaa hata kwenye kope. Lakini masika yakishuka na njia ya Kakuyuni ikageuka uji, utamtafuta punda huyo kwa machozi."

Foksiwageni, lile kobe, alilisifu kwa kutodai maji maisha yake yote, ila alisema injini iliyokaa nyuma ni kama jirani msengenyaji: kelele zake wazisikia, uso wake huuoni. Benzi za zamani alizipenda kwa milango yake, ambayo hufungika kwa mlio wa sanduku la mvule. Na wapenda vipya walipomchokoza kuhusu magari ya kisasa, hakuyatukana.

"Wajapani wana akili, sikatai. Gari lao lawaka asubuhi kama mtoto aliyeitwa kula. Tatizo ni bati, jembamba kama mkebe wa samli, na chumvi ya Malindi haijui kusamehe. Alitakaye na alinunue, lakini aliogeshe kama mtoto mchanga."

"Na gari lililotumika, Bi Mishi? Lenye miaka mingi?"

"Gari halizeeki kwa miaka, huzeeka kwa malezi. Niambieni lililala wapi, aliliendesha nani, na nani alilifuta vumbi. Mwaka liliotoka kiwandani niambieni mwisho."

Hivyo ndivyo alivyoishi, akiyahukumu magari ya watu kutoka nyuma ya pazia, hata mwaka wa themanini na tano, majuma machache baada ya Idi, Abdalla aliporudi kutoka sokoni uso unang'ara.

"Mama Shekha," alisema, kwa jina la binti yao, "nimepata gari. Jipya."

"Jipya la kiwandani au jipya la rangi?"

Abdalla akacheka. "Lina miaka mitatu tu. La Kijapani, rangi ya maziwa, viti kama vya sebuleni. Abdulghani dalali analileta kutoka Mombasa. Tena amekubali kuichukua ile Pijo ipunguze bei. Ataiuza kwa wanunuzi wa vyuma."

Bi Mishi aliweka upawa chini. Alikumbuka siku ile walipomtoa babake na jeneza mlangoni. Lakini hakupandisha sauti.

"Mume wangu, mali ni yako na shauri ni lako. Pijo ni yangu. Nakuomba jambo moja tu. Gari hilo lije hapa, nami nitoke nilitazame kwa macho yangu."

"Utoke? Mbele ya watu?"

"Nitavaa buibui langu. Magari yatazamwa nje, hayatazamwi nyuma ya pazia."

Jumamosi baada ya sala ya alasiri dalali akafika. Abdulghani alikuwa mtu wa shati la maua na miwani myeusi, mdomo mwepesi kuliko kanyagio la mafuta. Aliliegesha gari uwanjani mbele ya nyumba, akaiacha injini ikinguruma ili watu waisikie, na watu kweli wakaja. Lilimetameta kama sahani ya kichina.

"Haya, mwali huyo!" akasema. "Hajaguswa. Alikuwa akienda ofisini na kurudi."

Bi Mishi akatoka. Mkononi alishika mkebe mdogo, ule aliotilia nyuzi na sindano zake za kushonea kofia. Watu wakampisha. Alilizunguka gari mara moja bila ya kusema neno, kisha akafungua mkebe akatoa sumaku, ndogo kama kipande cha halua, aliyokuwa akiokotea sindano zinapoanguka mkekani. Akaibandika kwenye mlango wa mbele. Ikanasa. Akaibandika kwenye boneti. Ikanasa. Akaenda mlango wa nyuma, upande wa kulia, akaibandika, na sumaku ikaanguka mchangani.

Akaiokota, akajaribu tena juu kidogo. Ikaanguka. Akajaribu penye ubavu, karibu na tairi. Ikaanguka.

"Bwana Abdulghani," aliuliza taratibu, "mlango huu ni wa bati au wa udongo?"

Watu wakaguna. Dalali akatabasamu. "Hiyo ni rangi ya kisasa, bibi. Nene."

"Nene upande mmoja tu? Upande wa pili rangi ilikwisha?"

Hapo wakaanza kucheka. Bi Mishi akafungua mlango wa dereva, akainama kutazama mita. "Kilomita elfu ishirini na moja," akasoma kwa sauti, kisha akaonyesha kanyagio la breki. "Na mpira huu umelika hata chuma chachungulia. Huyo mwenye ofisi alikuwa akivaa viatu vya misumari?" Akaingiza mkono chini ya zulia, mbele ya kiti cha abiria, akautoa. Vidoleni palikuwa na mchanga mweupe, laini, na vumbi jekundu la kutu. Akaupeleka mkono mdomoni, akauonja kwa ncha ya ulimi.

"Gari hili limegongwa ubavu," akasema, "kisha limezibwa kwa puti, ule udongo wa mafundi. Na kabla ya hapo au baada yake, limeingia baharini. Si maji ya mvua haya. Ni chumvi. Likimaliza mwaka mmoja bila ya sakafu yake kutoboka, njooni mnivue buibui hili."

Dalali akavua miwani. "Mzee Abdalla! Mwanamke na magari wapi na wapi? Utaacha gari kwa maneno ya jikoni?"

Watu wote wakamgeukia Abdalla. Yeye alikuwa akiitazama sumaku, ambayo ilikuwa bado chini mchangani. Akainama akaiokota, akaipangusa kwa ncha ya kikoi, akamkabidhi mkewe kwa mikono miwili.

"Kizuri chajiuza, Abdulghani," akasema. "Kibaya chajitembeza. Na hili lako umelitembeza tangu Mombasa."

Kicheko kilichopigwa hapo kilisikika hata msikitini. Dalali akaingia garini, akaondoka bila ya kuaga. Bi Mishi akafunga mkebe wake, akarudi jikoni kwake.

Usiku ule wakila, Abdalla alisema, "Umenisitiri, mke wangu. Nilikuwa naingia shimoni na macho yangu mawili. Niambie unalolitaka. Hata likiwa kubwa."

Jibu alikuwa nalo tangu babake alipofariki.

"Nataka Pijo ifufuliwe. Na nataka leseni."

Abdalla akaacha kutafuna. Siku hizo mwanamke wa mjini mwenye buibui kuendesha gari Malindi halikuwa jambo lililoonekana. Watalii waliendesha, na mke wa daktari mmoja wa bara. Siku tatu nzima hakulitaja, na Bi Mishi hakumwuliza. Siku ya nne, aliporudi kutoka sala ya alfajiri, alisimama mlangoni na tasbihi yake mkononi.

"Nilikuwa nikiwaza watu watasema nini," alisema. "Kisha nikakumbuka siku ile ya sumaku. Watu walicheka, lakini hawakukucheka wewe. Mwite Gona."

Gona alikuwa Mgiriama wa Kakuyuni, mtu mzima mwenye vidole vifupi vya nguvu. Ufundi alijifunza kwa Mzee Badi, na sasa alikuwa na karakana yake kando ya njia ya kwao, akitengeneza chochote chenye moto na mafuta, kuanzia pikipiki mpaka mashine za kusaga mahindi. Alikuja kwa baiskeli, sanduku la spana limefungwa nyuma. Kabla ya kumsalimu mtu, alikwenda uani akaweka kiganja juu ya boneti ya Pijo.

"Dada Mishi," akasema, "huyu hajafa. Amelala tu."

Walifanya kazi miezi mitatu. Nasema walifanya, kwa maana Bi Mishi hakukaa pembeni. Alijifunga leso kuukuu, akafungua kabureta kwa mikono yake, akaipanga kila skrubu juu ya mkeka kwa mpangilio aliofundishwa na babake. Panya walikuwa wamekula nyaya za taa. Breki zilikuwa zimekauka. Vipuri vingine viliagizwa Mombasa, vingine Gona alivichonga mwenyewe. Lakini shida kubwa ilikuwa pistoni, zilizokuwa zimegandamana na silinda kwa kutu ya miaka sita.

"Hizi zimefunga ndoa," alisema Gona, akipangusa jasho. "Kwa jina la Mulungu, sijui nani atazitenganisha."

"Tutazipa talaka polepole," alijibu Bi Mishi.

Wakamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kwenye matundu ya plagi, wakaacha. Siku ya pili wakaongeza. Siku ya tatu wakaongeza. Injini ya Pijo 404, kwa wasioijua, haikusimama wima kama za magari mengine, imelala ubavu kama mtu aliyepumzika baada ya chakula, na Bi Mishi alikuwa na yakini kwamba ndiyo sababu haina haraka wala hasira. Alikuwa akiiambia: usiharakishe, lakini usinivunje moyo. Siku ya tisa Gona alitia hendeli mbele, akasukuma kwa uzito wake wote, na hendeli ikazunguka robo duara. Akapiga ukelele wa Kigiriama uliowatoa majirani nje.

Ikawaka Alhamisi asubuhi. Mara ya kwanza ilipiga chafya. Mara ya pili ikatoa moshi mweusi uliowafukuza kuku wote uani. Mara ya tatu ikashika, ikakohoa, ikanguruma, kisha ikatulia kwenye mlio ule wa zamani, mlio ambao Bi Mishi alikuwa akiungoja kila jioni babake alipokuwa hai, uliomwambia kwamba baba amefika. Alikaa kwenye ukingo wa kisima akicheka na kulia kwa pamoja. Abdalla alikuja mbio kutoka dukani na mita ya kupimia vitambaa bado shingoni, akasimama akisikiliza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutamani kitu kipya.

Kujifunza kuendesha kulikuwa kazi nyingine. Gona alimchukua njia ya Kakuyuni, asubuhi asubuhi, Shekha akiwa kiti cha nyuma ili mamake asiwe peke yake na mwanamume. Kujua gari kwa masikio si kujua kwa miguu. Siku ya kwanza alilizima mara kumi na nne. Gia ya Pijo iko kwenye usukani, na mkono wake ulikuwa ukiitafuta kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Lakini siku ya pili alilizima mara tatu, na siku ya nne akapita shamba la minanasi kwa gia ya tatu. Wanawake waliokuwa njiani na vikapu vya korosho kichwani wakasimama kutazama. Mmoja wao, Sidi, bibi mwenye mvi, aliuliza kwa sauti, "Ni mwanamke huyo?" Na alipoambiwa ndiyo, akatua kikapu chake chini ili apate kupiga vigelegele kwa nafasi.

Mtihani alifanyiwa na Sajini Ndirangu wa polisi wa barabarani, mtu wa bara aliyeheshimiwa kwa jambo moja: hakuna aliyepata leseni kwake kwa ndugu wala kwa bahasha. Mtihani huanza kwenye meza iliyochorwa mji mdogo, wenye njia na mizunguko, na mtahiniwa husogeza kigari cha kuchezea akieleza afanyalo.

"Kipeleke kigari chako mpaka hospitali," aliamuru Sajini.

Bi Mishi akakiinua kile kigari, akakigeuza chini juu, akakitazama. "Hiki hakiendi, Afande. Gurudumu la mbele limekaa upande. Kitamtupa mtu mtaroni."

Waliokuwa wakingoja wakaangua kicheko. Sajini hakucheka. "Mama, hapa si karakana. Rudi mwezi ujao."

Alirudi nyumbani amenuna, akamlaumu Sajini mpaka jioni, kisha akajilaumu mwenyewe. Mwezi mzima alifanya mazoezi. Mkeka wa chumba chake ukawa mji, visanduku vya kiberiti vikawa magari, na Abdalla, akiwa amevaa miwani yake, akawa Sajini. Alimfelisha mkewe mara nyingi kwa makosa ya uongo, nao wakacheka mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Mwezi uliofuata akakisogeza kigari mpaka hospitali, akazunguka mzunguko kwa upande wake, akasimama penye alama, wala hakulisema gurudumu. Kisha wakatoka na Pijo. Sajini Ndirangu alikaa karibu naye na kitabu chake mapajani. Alimpitisha sokoni wakati wa zogo, penye mikokoteni na mbuzi. Alimrudisha nyuma kati ya fito mbili. Mwisho akamwambia asimame katikati ya kimlima, azime, awashe tena, na aondoke bila ya gari kurudi nyuma. Bi Mishi akavuta breki ya mkono. Akawasha. Akaisikiliza injini, kwa maana hapo ndipo masikio yalipomsaidia: alijua, kabla ya gari lenyewe kusogea, ni pumzi ipi ya injini iliyomaanisha klachi imeshika. Akaachia breki. Pijo ikapanda bila ya kurudi hata unyayo wa sisimizi.

Sajini akaandika. Akaandika muda mrefu.

"Mama," akasema alipomaliza, "nina miaka kumi na moja katika kazi hii. Kwenye mlima huo wanaume huvunja klachi. Nani alikufundisha?"

"Baba," alisema Bi Mishi. "Na Gona wa Kakuyuni."

"Basi wote wawili wamefaulu." Na akampa mkono.

Habari ilifika Shella kabla yake. Alipoingia na Pijo mtaani, mlango kwa mlango walikuwa wametoka, na wale waliokuwa wakikaa barazani kumwuliza shauri walisimama wote, kama wanavyosimama kwa kadhi. Akapiga honi mara moja, kwa adabu, akapita.

Safari yake ya kwanza ndefu ilikuwa harusi ya mpwa wa Abdalla huko Takaungu, ng'ambo ya Kilifi. Waliondoka Ijumaa asubuhi, Bi Mishi usukanini, Abdalla kando yake na kofia mpya, Shekha na masanduku nyuma. Walipita Gede, wakapita msitu, wakapita mikorosho, wala Pijo haikutoa hata chafya. Kilifi wakajipanga kungojea feri. Mfanyakazi wa feri, kijana wa Kichonyi jina lake Dena, aliyekuwa akipanga magari, alipofika dirishani alimtazama Bi Mishi, kisha akazunguka mpaka upande wa Abdalla.

"Shikamoo, mzee. Mwambie mama ashuke, wewe uliingize. Njia ya kuteremkia ina utelezi leo."

"Marahaba, mwanangu," alisema Abdalla, akatulia kitini kama sultani. "Mimi ni abiria. Dereva ni huyu."

Dena akatangulia mbio kwenye feri. Bi Mishi akateremka kwa gia ya kwanza, taratibu, maji yakilamba saruji kila upande, akalipandisha gari juu ya bao la feri na kulisimamisha pale pale ulipoonyesha mkono wa kijana, tairi kwenye mstari. Dena akaweka kigingi nyuma ya gurudumu, akainua kidole gumba, akatabasamu mpaka jino la mwisho.

Kwenye feri palikuwa na Mtaliani mmoja, mtu wa makamo, mwenye nyumba ya wageni Malindi, aliyejua Kiswahili cha kutosha kununulia samaki. Gari lake lilikuwa jipya, refu, lina vioo vinavyopanda na kushuka kwa umeme. Aliiona Pijo akashuka, akaizunguka, akachungulia chini.

"Sitini na saba?" aliuliza.

"Sitini na saba."

"Mimi babangu alikuwa nayo. Mama, mimi nunua. Sema bei yoyote. Ulaya sasa hii ni gari ya kuweka, ya kuonyesha. Watu nakuja kutazama."

"Itakaa ndani?"

"Ndani, ndiyo. Na taa juu yake."

Bi Mishi akamtazama kwa huruma ya kweli. "Bwana, gari la kuwekwa ndani ni kama mwimbaji aliyezibwa mdomo. Hili nilikuwa nalo bandani miaka sita, najua linavyoumia. Lako hilo ni zuri, tena lina nguvu. Lakini vioo vya umeme viombee dua. Chumvi ikiingia kwenye nyaya, utafungua dirisha kwa nyundo."

Mtaliani akacheka sana, akamwambia la kushoto tayari halifunguki. Wakasimama wakizungumza mambo ya kabureta na ya injini iliyolala ubavu mpaka feri ikagusa ng'ambo, na Abdalla, aliyekuwa hafahamu hata nusu ya maneno hayo, alisimama karibu yao akiitikia kwa kichwa, kifua mbele, kana kwamba mambo hayo yote ni yeye aliyeyabuni.

Takaungu walipokelewa kama wao ndio maharusi. Watoto waliliona gari likiingia, wakaona nani ameshika usukani, wakatangulia mbio wakipiga kelele, na wanawake wakatoka na upatu na pembe mikononi. Shangazi wa Abdalla, Bi Nana, bibi wa miaka themanini aliyekuwa hatoki nje ila kwa mazishi, aliomba ashikwe mkono aletwe mpaka garini. Akamgusa Bi Mishi shavu.

"Ni wewe kweli uliyelileta kutoka Malindi? Peke yako?"

"Ni mimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Basi bibi arusi hatakwenda kwa miguu. Na mimi sitakwenda kwa miguu. Tuzungushe mji."

Bibi arusi akatiwa nyuma na hina yake na uvumba wake, Bi Nana akakaa mbele kwenye kiti cha Abdalla, na kabla Bi Mishi hajasema neno, wanawake wengine watano walikwisha kujisukuma ndani, mapaja juu ya mapaja, leso zikining'inia madirishani. Springi zikalia. Abdalla alibaki nje, amesimama kati ya wanaume, anacheka. Bi Mishi akarekebisha kioo, akawatazama abiria wake wote ndani yake, akawasha, na Pijo ikaitika mara moja.

"Haya, funga mlango huo, somo," akamwambia aliyekuwa pembeni. "Taratibu, usiupige. Mlango wa Pijo wafungwa kwa kidole."

Mwanamke yule akausukuma kwa kidole kimoja, mlango ukajifunga, na vigelegele vikapaa mji mzima.